Boksi la Bluu na Upawa wa Mama

Nyumbani, 3 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu kwanza. Hujambo wewe na huo mji wenu wa kelele? Sisi tupo, tunasukuma siku. Paa la jikoni nimeliziba, paka kazaa wanne chini ya cherehani yangu, na mama wa jirani bado anasema ulikuwa na kiburi tangu darasa la pili. Nimemsahihisha kwamba ni tangu la kwanza.

Nakuandikia kwa kalamu badala ya kupiga simu kwa sababu Baba siku hizi anasikia kila neno, na hili ni neno lake. Hataki kula. Tangu tulipomzika Mama mwezi wa kumi anagusa chakula kama mtu anayegusa pasi kuona kama ina moto. Mkanda wake nimeutoboa matundu mawili mapya. Nimejaribu kumchemshia mifupa kama Mama, lakini mimi nina sare za shule tisini za kushona, siwezi kukaa na sufuria tangu alfajiri. Ikitoka mapema ni maji, nikiisahau inaungua.

Duka la hapa linauza supu zenu za boksi. Kuna bluu, isiyotiwa kitu, na nyekundu yenye viungo. Wewe ndiye mwonjaji wa kiwanda, unalipwa kwa ulimi. Niambie nimpe ipi. Barua mpe dereva wenu, yule mnayemwita Breki. Kila wiki mbili anashusha mizigo hapa na ameniahidi kuwa posta wetu.

Dada yako

*

Chumbani kwangu, 17 Februari

Dada,

Shikamoo, wewe na Baba. Mwambie mama wa jirani kiburi changu ni kizima, kinamsalimia. Hao paka usiwagawe wote.

Kuhusu supu. Ya bluu ni mifupa na maji, basi. Inachemka kwa muda wa saa kumi na mbili kwenye mapipa marefu kuliko nyumba yetu, inachujwa, inafungwa. Haina hata punje ya chumvi. Mpishi akiinunua lazima aikoleze mwenyewe. Ya nyekundu imetiwa chumvi, kitunguu saumu, pilipili manga na tangawizi, vyote kwa mizani ya mashine, kila boksi sawasawa na mwenzake. Unafungua, unapasha, unampa. Kwa mtu mwenye sare tisini, chukua nyekundu. Nimeionja mwenyewe.

Nimempa Breki sita za kila rangi. Usiniulize likizo lini, kazi imetubana sana.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 2 Machi

Mdogo wangu,

Tumepokea maboksi yote kumi na mawili, asante. Paka wawili nimeshawatoa, umechelewa. Mvua imeanza na nguo hazikauki.

Nyekundu Baba aliionja kijiko kimoja, akakiweka chini taratibu, akaenda kulala. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nikasema liwalo na liwe, nikafungua bluu, nikaimimina kwenye sufuria ya Mama, nikawasha moto mdogo. Ilikuwa saa nne asubuhi. Upawa nikauweka kando ya jiko, nikarudi kwenye cherehani kumaliza kola moja kabla sijakoleza.

Unaikumbuka sheria ya Mama? Upawa ukiwa kando, sufuria bado haijakolezwa. Ukilazwa juu ya kifuniko, imekolezwa, na hakuna ruhusa ya mkono mwingine. Hujaisahau, maana makofi uliyopata siku ile uliyotia chumvi juu ya chumvi yalisikika mpaka barabarani.

Niliporudi, upawa ulikuwa umelazwa juu ya kifuniko.

Nikaonja. Kitinda, ilikuwa ya Mama, si kwamba ilifanana nayo tu. Ile chumvi inayokuja mwishoni, na ile pilipili manga aliyokuwa akiisaga kwa kitako cha glasi. Baba alikunywa mabakuli mawili, akapangusa la pili kwa kidole. Nilifurahi kwanza. Kuogopa kulikuja baadaye, wakati wa kuosha sufuria.

Dada yako

*

Chumbani, 19 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, mafua tu yasiyokwisha. Mpangaji wa chumba cha pili amenunua redio na sote tunamjua sasa.

Yaani miaka arobaini Baba ameishi na Mama, na wewe unashangaa kwamba anajua kukoleza supu? Mzee ameingia jikoni kimya kimya, ameunga, amelaza upawa, amerudi kitandani kukuchungulia. Mfungie kopo la chumvi utaona. Na ukiona inakusumbua, tumia nyekundu, hiyo haina nafasi ya mkono wa mtu.

Kitu kimoja nataka kukuuliza. Lile boksi jekundu nililomtumia Mama alipokuwa anaumwa, uliniambia kwa simu kwamba alikunywa lote akanishukuru. Alisema nini hasa? Maneno yenyewe.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 4 Aprili

Mdogo wangu,

Baba anakusalimu, na safari hii ni yeye kweli, alisema kwa mdomo wake. Sare zimekwisha. Mama wa jirani ameanguka uani, mkono uko kwenye plasta, mdomo hauna hata mchubuko.

Kopo la chumvi nililifungia kwenye droo ya cherehani, na droo iko kwenye goti langu. Baba nilimkalisha mbele yangu, anachambua vifungo. Saa nne na nusu nikaenda jikoni. Upawa juu ya kifuniko, supu imekolea. Kopo bado lilikuwa kwenye droo, ila chumvi ndani ilikuwa imechimbwa kidogo kwa vidole vitatu. Nimefanya hivyo mara tano, si mara moja. Moyo wangu si wa kuku, unanijua, lakini sasa nikielekea jikoni nakohoa kwanza, kama mtu anayeingia chumba cha mtu.

Baba amenenepa. Ule mkanda amerudi kwenye tundu la zamani. Lakini sikiliza. Wiki iliyopita alitaka shati lake jeupe lipigwe pasi. Juzi akataka viatu vyake vya safari vipakwe rangi. Nikamuuliza unakwenda wapi, Baba? Akasema, "Mama yenu anasema bado kidogo." Anatoa mabakuli matatu kabatini, na la tatu ni lile la Mama lenye ua.

Nikaogopa, nikarudi kwenye nyekundu kama ulivyoniambia. Nyumba ikawa kimya kama ofisi siku ya Jumapili. Upawa haukusogea. Na Baba hakula siku nne, siku ya tano akaanguka mlangoni pa bafu. Nikafungua bluu nikilia. Sasa unaona nilipo. Nikimpa nyekundu anakufa njaa mbele ya macho yangu. Nikimpa bluu anakula, na kila bakuli linamsogeza kwenye mlango.

Jambo la mwisho. Tangu Jumatatu ladha imebadilika. Tangawizi nyingi, chumvi kidogo, limau kwa mbali. Nilikuwa sijaionja tangu tukiwa wadogo. Ni ile aliyokuwa anakupikia wewe peke yako ukiwa na homa. Baba ameionja akasema, "Hii si yangu, hii ni ya Kitinda. Mwambie aje ainywe, inapoa."

Kuhusu boksi la Mama, tutaongea siku nyingine.

Dada yako

*

Chumbani, 20 Aprili

Dada,

Leo sina salamu ndefu. Shikamoo tu.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kwenye ngazi za kiwanda, na makoti meupe yakinipita. Ile ya homa hakuna mtu aliyekuwa anaijua isipokuwa sisi wanne wa nyumbani. Nilitaka kukucheka kama mwezi uliopita, nikakosa pa kuanzia.

Basi nikuambie langu, mficha maradhi kifo humuumbua. Mafua sina. Ulimi wangu umekufa. Siku ile uliyonipigia kusema Mama amekwenda, nilikuwa na kijiko mdomoni, na katikati ya maneno yako supu ikageuka maji. Tangu siku hiyo sionji kitu, Dada. Chumvi, sukari, pilipili, yote ni maji. Miezi sita napitisha mapipa kwa kunusa na kwa kuangalia uso wa mwenzangu anayeonja pembeni. Akikunja pua nami nakunja. Niliposema nyekundu nimeionja mwenyewe, nilikudanganya.

Na mazishi. Nilikwambia nimenyimwa ruhusa. Ruhusa nilipewa siku ileile. Nilifika stendi na begi, nikakaa kwenye benchi mpaka basi likaondoka. Nilikuwa nimemwahidi nitakuja nimpikie, nikamtumia boksi. Ningemtazamaje?

Sasa na wewe sema. Alisema nini kuhusu boksi langu?

Mdogo wako

*

Nyumbani, 5 Mei

Kitinda,

Baba mzima, anakula. Kila siku baada ya kula anavaa shati jeupe, analivua jioni. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Boksi lako Mama hakulinywa. Alionja kwenye kiganja kama kawaida yake, akatikisa kichwa, akasema: "Hii imekolezwa na mtu nisiyemjua. Mwambie mwanangu aniletee isiyo na kitu. Nitaikoleza mwenyewe, yeye akae tu hapo tunywe." Alikuwa hawezi kushika hata kikombe. Alisema hivyo siku tatu mfululizo, akiuliza kila gari lililopita kama ni wewe.

Sikukupigia. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimekaa macho wiki tatu, mikono yangu ikinuka dawa, na wewe umetuma boksi kwa dereva. Nikajiambia asiyekuwepo na lake halipo. Alipofariki nikakuambia kanywa lote, ili usiniulize. Maji yakimwagika hayazoleki. Nisamehe, au usinisamehe, lakini sasa unajua anachokoleza humu ndani ni agizo ambalo mimi sikulifikisha.

Nyekundu usilete tena. Bluu zako zimekwisha, sasa nanunua za dukani.

Dada yako

*

Chumbani, Jumanne 19 Mei

Dada,

Shikamoo. Hasira nilikuwa nazo, nikalala nazo siku tatu, zikanichosha. Ningekuwa mimi nimekesha wiki tatu labda ningekutumia maneno mabaya kuliko huo ukimya. Tumuweke Baba mbele.

Leo nina zamu ya mchana. Asubuhi nilichukua boksi la bluu, nikalimimina kwenye kisufuria changu, nikaweka moto mdogo. Upawa sina, nina kijiko tu, nikakiweka kando. Ndani ya chumba hiki hakuna tangawizi wala limau, mtu asiyeonja ananunua vya nini? Nikatoka kuanika nguo mbili. Nikarudi. Kijiko kilikuwa kimelazwa juu ya kifuniko, kimenyooka, mpini kulia, kama yeye.

Nilionja kwenye kiganja. Dada, ilikuwa na ladha. Tangawizi ilinichoma mpaka masikioni, nikakaa sakafuni nikanywa sufuria nzima nikilia kwa sauti, na yule wa redio akaja kugonga. Nilimwambia Mama samahani. Kando yangu kitanda kilibonyea kidogo, kama mtu amekaa, na sikuogopa hata chembe mpaka nilipomaliza tone la mwisho. Kikainuka papo hapo. Mlango nilikuwa nimeufunga, nikaukuta wazi.

Kama alikuwa huku saa nne leo, huko kwenu ilikuwaje? Naituma kwa basi, Breki atachelewa.

Mdogo wako

*

Nyumbani, Jumanne 19 Mei

Kitinda,

Hatujambo kwa sasa. Naandika haraka, kondakta wa basi anasubiri.

Leo upawa haukulazwa. Saa nne, saa tano, supu imechemka mpaka imepungua nusu, na bado maji matupu. Nilifurahi, nikadhani imekwisha. Nikampelekea Baba, akalisukuma bakuli. Akasema, "Hayupo. Ameenda kumlisha Kitinda. Hilo ndilo lilikuwa linamchelewesha. Akitoka huko Jumamosi anapitia hapa, tunakunywa, tunakwenda."

Ameshavaa viatu. Hataki kuvivua hata kulala. Amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni na begi mapajani, usoni ana furaha ambayo sijaiona tangu harusi ya shangazi. Sitaki aende, Kitinda. Nimemzika mmoja juzi tu, wa pili sina mikono ya kumzika.

Niambie Jumamosi nifungue ipi. Bluu au nyekundu?

Dada yako

*

Chumbani, Alhamisi 21 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua zetu zimepishana njiani, sasa najua na wewe unajua.

Nimefikiri jana nzima nikiwa kazini, na kijiko mdomoni, ulimi ukiwa umerudi kama hakukuwahi kutokea kitu. Nyekundu si jawabu. Baba hawezi kuinywa, na Mama anaiona ni mlango uliofungwa na mgeni. Bluu ukiiacha hivyo, upawa kando, wewe uko kwenye cherehani, unamwachia sufuria. Unamwita, Dada. Kila siku saa nne umekuwa ukimwita.

Fungua bluu. Ikoleze mwenyewe. Halafu laza upawa.

Unakumbuka bibi mzaa baba alipokuja kutembea, akatia chumvi kama anahifadhi samaki? Mama aliinua kifuniko, akanusa, akakirudisha, akainywa hivyo hivyo bila neno. Sufuria iliyolazwa upawa hajawahi kuigusa maisha yake yote, hata ya adui. Hatavunja sheria yake leo.

Najua utasema hujui, kwamba sikuzote alikuachia vyombo tu. Na mimi nimeonjea watu miaka tisa, sijapika chungu hata kimoja. Onja kwenye kiganja, siyo kwenye kijiko, kijiko kina uongo. Jumamosi napanda basi la alfajiri, lakini litafika saa nane. Usiningoje.

Mdogo wako

*

Nyumbani, Jumamosi 23 Mei

Kitinda,

Karibu nyumbani. Utaikuta hii mezani, chini ya kopo la chumvi, kwa sababu yaliyotokea siwezi kuyasema mbele ya Baba na siwezi kukaa nayo mpaka saa nane. Paka wako yuko chini ya cherehani, yule mwenye soksi nyeupe.

Baba aliamka mapema, akanyoa ndevu. Saa nne kasorobo nikafungua bluu. Nusu ya pilipili manga ikaenda sakafuni. Nikatia chumvi, nikaonja kwenye kiganja, nikaona bado, nikatia tena. Bila shaka nilizidisha. Nikafunika, nikalaza upawa, nikasimama kwenye cherehani nikiwa nimeupa mlango mgongo.

Nilisikia kifuniko kikiinuliwa. Upawa ulilia kidogo kwenye ukingo. Kisha kifuniko hakikurudi, kikakaa juu muda mrefu, mpaka mvuke ukanifikia shingoni, una harufu ya kanga zake.

Baba akauliza, lakini hakuniangalia mimi, alikuwa anatazama jikoni: "Imekolezwa?"

Nikasema, "Imekolezwa, Baba."

"Na nani?"

"Na mimi."

Akasema kwa upole, kule kule alikokuwa anatazama, "Umesikia. Mtoto ameshakoleza." Kifuniko kikarudi. Upawa ukalazwa juu yake. Baada ya hapo mlango wa uani ukafungwa, taratibu, kama mtu anayetoka bila kutaka kuamsha nyumba.

Nilimpelekea bakuli. Akaonja, akakunja uso, akasema, "Chumvi imezidi." Akanywa lote. Akasema tena chumvi imezidi, akaomba la pili. Halafu akainama, akafungua kamba za viatu, akavivua, akanipa nikaviweke. Nilivishika kifuani nikalia kama mtoto, na yeye akaniuliza kama nina wazimu.

Bakuli lenye ua nilikuwa nimeliacha kavu kabatini. Nilipolirudia nililikuta kwenye sinia, limeoshwa, limefunikwa juu chini, linachuruzika maji. Sikuliosha mimi, na Baba hakutoka kwenye kigoda. Nadhani Mama alionja, akaridhika, au akavumilia, kama kwa bibi.

Baba amelala sasa. Akiamka atakuwa na njaa, kwa hiyo boksi la bluu la mwisho nimelimimina na moto ni mdogo. Upawa uko kando. Ukiingia tu weka begi chini, nawa mikono, kaikoleze hiyo supu kabla hujaisalimu hata nyumba. Usichelewe.

Dada yako